Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Akiolojia ya Jamii na Urithi wa Kojani

Matini ya mazungumzo kwa wakaazi wa shehia za Kojani, Wilaya ya Wete



Jina la Kojani limesafiri mbali kuliko ukubwa wa kisiwa chenyewe. Wavuvi wake wamepiga dago Tanga, Mafia na katika mwambao wa Kenya, na kila walipotua waliacha sifa ya watu wanaoijua bahari. Hata hivyo, mtoto wa Kojani akiulizwa ni nani aliyejenga misikiti iliyobomoka na makaburi ya mawe yaliyotapakaa Pemba, mara nyingi hujibu kwa kubahatisha: labda Wareno, labda Wadiba wa Mkama Ndume, labda majini. Swali hilo lina jibu. Jibu lake limetafutwa kwa kazi ya miaka mingi, nayo ni kazi ambayo mtoto huyo mwenyewe anaweza kuifanya akikua. Mazungumzo haya yanahusu kazi hiyo, namna inavyofanywa, na wajibu wa wenyeji ndani yake.

Kazi ya kusoma udongo

Akiolojia ni elimu ya kuwajua watu wa kale kwa vitu walivyoviacha. Ni kazi ya subira, tena haina uhusiano na kutafuta dhahabu. Mwanaakiolojia hupima kiwanja kidogo kwa kamba, pengine mita mbili kwa mbili, akashuka kwa mwiko na brashi tabaka baada ya tabaka. Kila tabaka huandikwa, hupigwa picha na kuchorwa. Udongo unaotolewa huchekechwa ili kusipotee hata ushanga mmoja. Udongo mwingine hutiwa majini. Mkaa na mbegu zilizoungua huelea juu, zikakusanywa na kukaushwa. Mkaa ule ukipimwa maabara hutoa umri wake. Mbegu zile husema watu walikula nini.

Kwa sababu hiyo kigae cha chungu kina thamani kinapokuwa mahali pake. Kikishaondolewa na kuwekwa dirishani kuwa pambo, hubaki kuwa kigae tu, kwa kuwa hakuna tena ajuaye kililala juu ya nini na chini ya nini. Mvuvi atalielewa jambo hili upesi. Samaki akishafika sokoni, mnunuzi hawezi kujua alivuliwa mwamba gani na kwa maji gani. Aliyemvua ndiye anayejua, tena kama alikuwa macho.

Akiolojia ya jamii ni tawi la kazi hiyo linaloanza na jambo moja: mwenye mahali ana elimu ya mahali pake. Mtafiti huja kama mgeni. Huuliza kabla ya kuchimba, huchimba pamoja na wenyeji, na kabla ya kuondoka huwaeleza alichokiona kwa lugha wanayoifahamu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akiondoka na vitu pamoja na maarifa, mwenyeji hajapona.

Somo kutoka Kagera

Mfano ulio wazi zaidi katika Tanzania unatoka mbali na bahari, katika kijiji cha Katuruka, mkoani Kagera. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti kijana kutoka Marekani, Peter Schmidt, alifika kwa Wahaya kukusanya masimulizi ya wazee. Wazee walimweleza habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyewaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni, wakamwonyesha mti mkubwa uitwao Kaiija, mahali ambapo uhunzi ule ulifanyika. Mtafiti mwingine angelisikiliza kwa adabu na kuliweka simulizi hilo katika fungu la ngano. Schmidt alichimba pale wazee walipomwelekeza. Chini ya ardhi palikuwa na mabaki ya kuyeyushia chuma, na vipimo vilionyesha kuwa baadhi yake yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Wazee hawakuwa wamesoma kitabu chochote cha akiolojia, lakini walipajua mahali.

Miaka iliyofuata, wazee wa Kihaya waliowahi kuijua kazi ya kuyeyusha chuma walijenga tanuri upya na kuiendesha mbele ya watafiti. Taarifa ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1978 katika jarida la Science la Marekani, ikionyesha kuwa mafundi wa Afrika walikuwa na maarifa ya juu ya kupandisha joto la tanuri. Mwaka 1985 programu ya kufundisha akiolojia ikaanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Schmidt akiwa miongoni mwa waasisi wake. Tangu hapo Mtanzania hakulazimika tena kuvuka bahari ili apate msingi wa elimu hii.

Habari ya Katuruka ina upande wa huzuni. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Maradhi yale yaliondoa watu wengi, na pamoja nao yakakata mnyororo wa masimulizi: mzee alifariki, na kijana ambaye angepokea kutoka kwake akafariki pia. Schmidt aliporudi baada ya miongo kadhaa, wengi wa walimu wake hawakuwapo. Wenyeji wenyewe ndio walioona pengo lile na kuamua kuokoa kilichobaki. Waliunda kamati yao, wakakusanya masimulizi kutoka kwa wazee waliosalia, wanawake kwa wanaume, na kuwakaribisha wageni katika mahali pao pa kihistoria kwa utaratibu wao. Mtafiti aliyekuja zamani kama kiongozi wa msafara alirudi kama msaidizi, naye alikubali.

Mtu akiitazama kazi hiyo ya miaka hamsini, ataona kuwa haikupimwa kwa wingi wa vitu vilivyofukuliwa. Ilipimwa kwa swali moja: je, wenye mahali wamebaki na nini?

Pemba ilivyosoma na kusomwa

Pemba nayo ina hazina ya elimu iliyo karibu sana na Kojani. Katika wilaya hii hii ya Wete, ng'ambo ya ghuba ya mji wa Wete, ipo Mtambwe Mkuu. Mwaka 1984 watafiti walipata pale zaidi ya sarafu elfu mbili ndogo za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali za Kiislamu. Jambo kubwa halikuwa thamani ya madini yale. Jambo kubwa ni kwamba sarafu za fedha zilikuwa na majina ya watawala wa mwambao huu wenyewe. Takriban miaka elfu moja iliyopita, watu wa visiwa hivi walikuwa na mji, walikuwa na watawala Waislamu, na walikuwa na fedha yenye majina yao.

Kaskazini zaidi, Tumbe na Chwaka, watafiti Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walifanya kazi kwa misimu kadhaa. Tumbe palikuwa na kijiji kikubwa cha nyumba za miti na udongo tangu karne ya 7 au ya 8 hadi ya 10. Humo vilipatikana kwa wingi usio wa kawaida vigae vyenye mifereji, vilivyotumika kusugulia shanga za makombe ya baharini. Maana yake ni kwamba kazi ya mikono ilifanyika nyumbani kwa nyumba, haikuwa ya tajiri mmoja. Baadaye watu wakajenga mji wa Chwaka, uliodumu tangu karne ya 11 hadi ya 15 au zaidi kidogo. Misikiti yake ilijengwa kwa mawe, lakini wakaazi wake wengi waliendelea kuishi katika nyumba za udongo. Mji haukuwa wa mawe peke yake. Mwenye nyumba ya makuti naye alikuwa mtu wa mjini.

Mbegu zilizoungua zilieleza habari nyingine. Sarah Walshaw, aliyezichunguza, aliona kuwa watu wa Tumbe walitegemea zaidi mawele, na kwamba Chwaka mpunga ukashika nafasi. Kwa hiyo mama wa Pemba anayepanda mpunga bondeni leo anaendeleza kazi yenye umri wa karibu miaka elfu moja katika kisiwa hiki. Hakuna msafiri wa kale aliyeliandika hilo kwa uwazi kama punje zile zilivyolihifadhi.

Pujini, katika Wilaya ya Chake Chake, boma linalohusishwa na Mkama Ndume lilifukuliwa pia. Chini ya ardhi palikuwa na chumba chenye sura ya siwa iliyochorwa kwa chokaa ukutani, na siwa katika mwambao huu ilikuwa alama ya utawala. Masimulizi ya wazee wa Pujini na vitu vilivyofukuliwa havikukubaliana kwa kila neno, lakini vyote viwili vilielekeza kwa mtawala wa hapa, mwenye alama za enzi za hapa.

Kazi za Watanzania wenyewe zimetia nguvu picha hiyo. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alionyesha kuwa ustaarabu wa mwambao ulikua kutokana na jamii za wakulima na wahunzi walioishi katika mwambao huu tangu mapema. Abdurahman Juma, mwanaakiolojia wa Zanzibar, alifukua Unguja Ukuu na kutoa kitabu chake mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Wageni walikuja wakachangia damu, dini, biashara na maneno, na hilo halina ubishi. Lakini waliojenga, waliolima na waliovua walikuwa wenyeji. Mtoto aliyebahatisha kusema Wareno au majini ana haki ya kuambiwa hivyo skulini.

Hofu za wenyeji na majibu yake

Ni haki kuzitaja hofu zinazoisindikiza kazi hii, kwa maana hofu isiyojibiwa hugeuka uvumi.

Hofu ya kwanza ni hazina. Habari ya sarafu za Mtambwe ikisimuliwa nusu, humfanya mtu achukue jembe usiku. Amefukua kaburi au ukuta, hakupata kitu, na asubuhi ameacha shimo ambalo haliwezi kuzibwa kielimu. Tabaka zilizochanganywa hazirudi. Sarafu zenyewe, kama angezipata, angeziuza kwa bei ya madini, na majina ya watawala yaliyoandikwa juu yake yangeyeyuka katika kikombe cha sonara. Kisiwa kizima kingepoteza ushahidi wake ili mtu mmoja apate pesa za siku chache.

Hofu ya pili ni makaburi. Mwislamu hapendi maiti wake asumbuliwe, na mtafiti asiyelielewa hilo hafai kuifanya kazi hii Pemba. Akiolojia ya jamii inadai idhini na ushauri wa wazee kabla ya mwiko kugusa udongo, na inakubali jibu la hapana. Mambo mengi yanaweza kujulikana kwa kutembea, kupima na kuchora ramani bila kuchimba kabisa.

Hofu ya tatu ni shamba. Mkulima huhofu kuwa akisema ana ukuta wa kale katika mkarafuu wake, ardhi yake itachukuliwa. Kwa hofu hiyo hunyamaza, au huyatumia mawe yale kuchomea chokaa. Hapa mazungumzo ya mapema na sheha na maafisa wa mambo ya kale ni bora kuliko ukimya. Zanzibar ina sheria ya kuhifadhi mambo ya kale ambayo asili yake ni ya mwaka 1927. Sheria hufanya kazi vizuri pale ambapo mwenye shamba amesikilizwa tangu mwanzo, na hufanya kazi vibaya pale ambapo afisa hufika baada ya mawe kwisha.

Hofu ya nne haisemwi sana, nayo ni kwamba urithi ni mambo ya watalii na hayamfai mtu anayetafuta riziki. Jibu lake liko Kojani kwenyewe.

Urithi uliomo majini na vifuani

Kisiwa cha Kojani kina urithi usiohitaji kuchimbwa. Nahodha anayetambua mwamba kwa rangi ya maji, anayejua nyota ipi humrudisha nyumbani wakati wa kaskazi na ishara ipi humzuia kutoka wakati wa kusi, amebeba elimu iliyokusanywa na vizazi. Fundi wa chombo anayechagua mti kwa kupinda kwake, na kupima mataruma kwa jicho, amebeba elimu nyingine. Mwanamke anayejua majina ya samaki, kombe na mwani, na mahali pa kila kimoja maji yanapokupwa, amebeba ya tatu. Utaratibu wa dago nao ni historia: nani huongoza, pato hugawanywa vipi, ugomvi na wenyeji wa huko huamuliwa kwa adabu gani.

Elimu hiyo yote imo hatarini kwa namna ile ile ya Katuruka. Mashine imechukua nafasi ya tanga, na simu imechukua nafasi ya nyota. Hakuna aibu katika hilo. Mvuvi hutumia kinachomrudisha salama. Lakini mashine huzimika na simu huisha chaji, na siku hiyo ujuzi wa babu ndio unaomwokoa mtu. Ukiwa umezikwa pamoja na babu, hakuna wa kuuliza.

Bagamoyo wameonyesha njia. Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake kutoka Uingereza walimfuata fundi wa ngalawa hatua kwa hatua, tangu kuchagua mti hadi kushusha chombo majini, wakaandika kila kifaa kwa jina lake la Kiswahili. Katika kazi nyingine, iliyoitwa Bahari Yetu, Urithi Wetu, vijana wa mji huo walitunga muziki kuhusu urithi wa bahari yao. Fundi akawa mwalimu na mtafiti akawa mwanafunzi. Hakuna sababu ya msingi inayozuia kazi kama hiyo kufanywa Kojani, na walio bora kuifanya ni watoto wa Kojani.

Njia ya kijana

Kijana anayeitaka kazi hii aanze na masomo ya Historia, Jiografia, Kiswahili na Kiingereza, na asiikimbie Baiolojia wala Kemia, kwa maana mifupa, mbegu na udongo huchunguzwa kwa sayansi. Kiarabu alichokipata chuoni ni mtaji mkubwa, kwa sababu maandishi mengi ya makaburi na misikiti ya mwambao ni ya Kiarabu. Uogeleaji alioupata bila kufundishwa ni mtaji pia, kwa kuwa mabaki ya vyombo yaliyomo baharini yanahitaji wapiga mbizi wenye elimu. Baada ya kidato cha sita, shahada ya akiolojia hupatikana Dar es Salaam.

Si kila mtu atakwenda chuo kikuu, na kazi hii haiwahitaji wenye shahada peke yao. Inahitaji wachoraji, wapiga picha, waashi wanaojua chokaa ya kienyeji, walinzi, wakutubi, waongozaji wageni na walimu wa skuli za msingi. Wote hao ni watumishi wa urithi.

Kikwazo kikubwa kinajulikana na kila mzazi wa hapa. Kijana wa kiume huona dago linalipa leo, na skuli inaahidi kesho. Hakuna hotuba itakayoondoa uzito huo katika nyumba ambayo chakula cha usiku hutegemea chombo kilichotoka asubuhi. Lililo ndani ya uwezo wa jamii ni kuacha kuvitenganisha vitu hivi viwili. Mwanafunzi anayekwenda na baba yake dagoni wakati wa likizo apewe daftari na mwalimu wake, aandike majina ya pepo, miamba, nyavu na sehemu za chombo kama wazee wanavyoyataja. Akirudi amesoma na amefanya kazi. Baada ya miaka michache skuli itakuwa na kamusi ya bahari ambayo hakuna chuo kikuu kilicho nayo.

Wanaohusika

Mkaazi aliyekutana na kigae, sarafu, ukuta au mfupa wakati wa kuchimba msingi, kisima au shamba, asimamishe kazi mahali hapo, asikiondoe kitu, na amweleze sheha. Sheha huwasilisha habari kwa halmashauri na kwa maafisa wa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Mvuvi aliyenasa chombo cha kale katika wavu aikumbuke sehemu aliyokuwa, kwani sehemu ile ina thamani kuliko chombo. Walimu wanaotaka kuwaonyesha wanafunzi historia ya kisiwa wanaweza kuwapeleka katika Makumbusho ya Pemba, yaliyomo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake. Na maji yakitoa nafasi, Mtambwe Mkuu haiko mbali.

Mtafiti anayefika na barua kutoka serikalini naye aulizwe maswali matatu kwa heshima: anatafuta nini, nani wa hapa atafanya kazi pamoja naye, na lini atarudi kueleza alichokipata. Mtafiti mwema hufurahi kuulizwa hivyo.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo maarufu kuliko yote ya Zanzibar, iliporomoka mchana kweupe mjini Unguja, na watu walipoteza maisha. Jengo lile lilikuwa katika mji uliotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2000, na lilijulikana duniani kote. Umaarufu haukulishikilia. Kinachoshikilia jengo, kaburi, chombo au jina la nyota ni mtu wa karibu anayekijua na kukitunza kila siku. Kojani ina watu hao wangali hai. Baadhi yao wameketi katika baraza hili, na wajukuu wao wameketi mbele yao. Kazi ianze kwa mjukuu kumuuliza babu jina la nyota moja, usiku huu huu, kabla chombo hakijatoka.

Wabillahi tawfiq.